Uvimbe wa Taya: Karne Mbili za Kisu, Eksirei na Hadubini

Mwaka 1810, huko Tennessee nchini Marekani, daktari William Deaderick alimkata mvulana wa miaka 14 kipande cha taya la chini lililovimba. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijapatikana; usalama wa mgonjwa ulitegemea wepesi wa mkono wa daktari na uvumilivu wa mvulana mwenyewe. Mvulana alipona. Hata hivyo habari zake hazikuchapishwa hadi 1823, na kufikia hapo sifa zilikuwa zimekwenda kwa Guillaume Dupuytren wa Paris, aliyefanya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1812.

Wapasuaji wa enzi hiyo walijua kukata kabla hawajajua wanakata nini. Mwaka 1827 James Cusack wa Dublin alieleza uvimbe wa taya ambao leo unahesabiwa kuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza ya ameloblastoma. Mwaka 1879 mtafiti Falkson aliueleza kwa kina, na mwaka 1885 Mfaransa Louis Malassez akauhusisha na mabaki ya chembehai zilizoumba meno. Jina la ameloblastoma lilishika mizizi kuanzia miaka ya 1930.

Hadubini ndiyo iliyofichua asili yake. Pembezoni mwa kila kisiwa cha uvimbe, seli ndefu zimejipanga safu moja, viini vyake vimesogea mbali na ukuta. Katikati seli zimeachana, zina umbo la nyota. Ni mpangilio ule ule wa jino changa linaloumbwa, ila hapa hakuna enameli inayotengenezwa.

Uvimbe huu si saratani. Ni nadra sana kusambaa hadi mapafuni au kwingineko. Lakini hula mfupa kwa miezi na miaka, mara nyingi bila maumivu, ukilegeza meno na kupindisha uso. Seli zake hupenya kwenye nafasi ndogo ndogo za mfupa, ng'ambo ya mpaka ambao jicho la mpasuaji linauona. Ndiyo maana ule wa aina ya kawaida ukikwanguliwa tu hurudi mara nyingi, wakati mwingine baada ya miaka mingi, na wapasuaji wakajifunza kukata pamoja na ukingo wa mfupa wenye afya.

Eksirei ilileta jicho jipya. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895, na wiki chache tu baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, akapiga picha ya meno yake mwenyewe, akikaa mbele ya mionzi kwa dakika 25. Katika picha, ameloblastoma mara nyingi huonekana kama sega la nyuki nyuma ya taya la chini, karibu na magego. Hata hivyo picha peke yake hudanganya, kwa kuwa vifuko vya majimaji na uvimbe wa aina nyingine hufanana nayo. Uamuzi hutoka kwenye kinyama kilichokatwa na kupelekwa maabara.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu Burkitt alimwona mtoto mwingine Jinja mwenye dalili zinazofanana. Hiyo ilikuwa saratani, ile inayobeba jina lake hadi leo. Hukua kwa siku na wiki, na tiba yake ni dawa, si kisu. Tangu hapo kutofautisha uvimbe mmoja na mwingine kukawa suala la uhai. Mwaka 1965 O. G. Dodge alichapisha uchunguzi wa uvimbe wa taya nchini Uganda, akiuweka kando ugonjwa wa Burkitt. Mwaka 2005 Elison Simon wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzake walitoa utafiti wa miaka minne juu ya uvimbe unaotokana na meno Tanzania. Ameloblastoma ndiyo iliyoongoza.

Kwa vijana, faida kubwa ya kutofautisha aina za uvimbe ilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 watafiti Philipsen na Birn walitenga na ameloblastoma aina ya uvimbe inayowapata zaidi wasichana wa rika la balehe, ambayo mara nyingi huzunguka chonge la taya la juu lililokwama ndani ya mfupa. Hiyo ikitolewa pamoja na jino, ni nadra kurudi. Mwaka 1977 Robinson na Martinez wakaonyesha kwamba ameloblastoma yenye kifuko kimoja, inayowapata hasa vijana, inaweza kutibiwa kwa upasuaji mdogo zaidi. Baadhi ya vijana hao waliokolewa wasipoteze nusu ya taya kwa sababu mtu fulani katika maabara aliangalia kwa makini.

Kwa wale ambao lazima taya likatwe, mwaka 1989 David Hidalgo wa New York alionyesha kwamba mfupa mwembamba wa mguuni, ulio kando ya goko, unaweza kukatwa na kuungwa upya kwa umbo la taya, na mishipa yake ya damu ikashonwa shingoni. Mwaka 2014 watafiti wa Finland na Marekani waligundua kasoro ya jeni ya BRAF katika ameloblastoma nyingi, ikafungua njia ya majaribio ya dawa.

Mambo hayo yote hayana msaada kwa kijana anayefikishwa hospitali uso ukiwa umeshapinda. Mzazi au mwalimu anayeona taya la mtoto limevimba bila maumivu, jino limelegea bila kuoza, au jino la ukubwani limechelewa kuota, ampeleke kwa daktari wa meno aombe eksirei. Na jino lililolegea katika taya lililovimba lisiishie kung'olewa tu. Kinyama kichunguzwe kwanza.