Hundi, Amana na Hasara: Historia Fupi ya Maneno ya Benki

Mtu akiibiwa ng'ombe, lugha haimtaabishi: ng'ombe ameibwa, na mwizi anatafutwa. Lakini mtu akikuta fedha zake hazimo benki, jambo la kwanza linaloamua nani atalipa ni jina litakalopewa tukio lenyewe. Je, hundi ilighushiwa, ilibadilishwa, au haikuwa na fedha? Je, benki imefungwa, imefilisika, au imefilisiwa? Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya maneno machache ya aina hiyo, tukiwafikiria hasa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao ndio wanaoyapeleka kwa wananchi.

Tuanze na neno *hundi*. Asili yake ni Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Kihindi waliitumia hundi kwa karne nyingi kupeleka thamani ya fedha kutoka mji hadi mji bila kubeba fedha zenyewe, na katika karne ya 19 karatasi hizo zilikuwa zikisafiri baina ya Zanzibar, Bombay na bandari nyingine za Bahari ya Hindi. Hundi ya wakati huo ilisimama juu ya jina jema la aliyeiandika. Asiyemjua mwandikaji hakuipokea. Kiswahili kilipopata benki za Kizungu kikalivika neno hilohilo kazi mpya: amri ya maandishi ambayo mwenye akaunti huipa benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani mara tu aidaipo. Tofauti si ndogo. Katika hundi ya kale mpokeaji alimpima mtu; katika hundi ya benki mpokeaji anamtegemea karani alinganishe sahihi. Hapo ndipo mlango wa udanganyifu ulipofunguka.

Benki za namna hiyo zina umri wa zaidi ya karne moja nchini mwetu. Deutsch-Ostafrikanische Bank ilianzishwa mwaka 1905, na baadaye zikaja benki za Uingereza. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa, kisha ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa hiyo benki ya umma na chombo cha istilahi ni marika, na haikuwa ajabu maneno ya fedha kuwa miongoni mwa yale yaliyohitaji kusanifiwa mapema.

Sheria ya hundi, hata hivyo, ilibaki ya Kiingereza kwa muda mrefu. Sheria yetu ya Hati za Fedha, Sura ya 215, inafuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882. Humo mna kanuni ambayo kila mfasiri anapaswa kuifahamu: sahihi ya kughushi haina nguvu yoyote. Benki ikilipa kwa sahihi ambayo mteja hakuitia, imelipa bila amri yake, na kwa kawaida hasara ni ya benki. Lakini ikiwa sahihi ni ya kweli na kiasi ndicho kilichobadilishwa, mizani huweza kuelemea upande mwingine. Mwaka 1918, katika shauri la London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur, mahakama ya juu ya Uingereza ilitazama hundi ambayo karani wa kampuni aliileta kutiwa sahihi ikiwa na pauni 2 kwa tarakimu, na nafasi ya maneno ikiwa tupu. Baada ya kupata sahihi aliongeza tarakimu, akajaza maneno, akalipwa pauni 120. Mahakama iliamua kwamba mteja aliyeacha nafasi wazi ndiye abebe hasara, kwa kuwa ana wajibu wa kuandika hundi yake kwa uangalifu.

Sasa tutazame Kiswahili. Hundi zote mbili, ile ya sahihi bandia na ile iliyoongezwa tarakimu, huitwa *hundi ya kughushi*. Neno *ghushi* limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni kutia kitu duni ndani ya kitu kizuri, kama mwuza maziwa atiavyo maji. Kwa asili yake, basi, neno hili lilifaa zaidi kwa hundi ya kweli iliyoharibiwa kuliko kwa hundi ya uongo tangu mwanzo. Matumizi ya mahakama yamelipanua, wala hatudai lirudishwe nyuma. Tunachosema ni kwamba neno moja linapofunika mambo mawili ambayo sheria imeyatenga, mwananchi hawezi kujua kwa nini jirani yake alirudishiwa fedha na yeye hakurudishiwa.

Kadhalika, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 333 inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Wako wanaoyaona maneno haya mawili kuwa pacha, wakaliacha moja. Hilo ni kosa. Kudanganya ni kumfanya mtu aamini lisilo kweli. Kulaghai ni kumfanya, kwa uongo huo, atende jambo la kumdhuru. Aidha, kutengeneza nyaraka ya uongo ni kosa moja, na kuiwasilisha ni kosa lingine. Taifa lilikumbushwa tofauti hizo katika suala la akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje katika Benki Kuu. Ukaguzi ulionyesha kwamba katika mwaka 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22, na kwamba makampuni 13 kati ya hayo yalilipwa kiasi cha shilingi bilioni 90 kwa nyaraka zisizo halali. Katika mazungumzo ya watu suala zima liliitwa *ufisadi*. Neno hilo lina nguvu ya kulaumu, lakini halina nguvu ya kushtaki. Hati ya mashtaka huhitaji kusema nani alitengeneza, nani aliwasilisha, na nani alilipwa.

Neno la pili ni *amana*, nalo lina mtego mkubwa zaidi. Katika mila na dini, amana ni kitu ulichopewa ukitunze, nawe hukitumii, unakirudisha kilekile. Hiyo ndiyo maana inayomjia mwananchi anaposikia kwamba ana amana benki. Sheria ya benki inasema vingine. Tangu shauri la Foley dhidi ya Hill, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1848, imekubalika kwamba fedha ukishaziweka benki zinakuwa mali ya benki, nayo inakuwa mdeni wako. Inazikopesha, inapata faida, na inadaiwa kukulipa kiasi kilekile, si noti zilezile. Kwa lugha nyingine, kile tunachokiita amana ni mkopo ambao mteja ameipa benki.

Tofauti hii iliwafikia watu wa Kagera mwanzoni mwa mwaka 2018. Tarehe 4 Januari Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Sababu iliyotolewa haikuwa hundi za kughushi. Ilikuwa upungufu wa mtaji. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na fidia ya bima wakati huo haikuzidi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Aliyekuwa na kiasi hicho au pungufu alikuwa na bima ya fedha zake zote. Aliyezidisha alibaki kudai ziada katika ufilisi, pamoja na wadai wengine. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Mkulima wa Nyantakara, huko Biharamulo, ambaye malipo ya mazao yake hupitia chama cha msingi na benki, anahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno anayoyaelewa kabla ya kuweka fedha, si baada ya mlango kufungwa.

Tena, matangazo ya benki huzungumzia upungufu wa *ukwasi*. Katika Kiswahili cha zamani mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri. Siku hizi wachumi wamelipa neno hilo maana ya wepesi wa kupata fedha taslimu za kulipa madeni yanayodaiwa sasa. Benki yaweza kuwa na majengo na mikopo mingi, ikawa na ukwasi wa kale bila ukwasi wa kisasa. Msomaji asiyeambiwa hivyo atadhani tangazo linajipinga lenyewe. Na kitenzi *kupotea* nacho kina hila yake: tukisema fedha zimepotea, tumemficha mtenda. Fedha za benki huibwa, hulipwa kimakosa, au hukopeshwa kwa wasiolipa. Hazipotei kama mbuzi malishoni.

Udanganyifu wenyewe umehama. Fedha kwa simu ziliingia nchini mwaka 2008, na mlaghai wa leo hahitaji kuiga sahihi ya mtu. Humtumia ujumbe, akamwomba namba ya siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imetaja kughushi na udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta, kwa hiyo neno la mwuza maziwa limefika hadi huko. Lakini swali ni lilelile la mwaka 1918: ni nani aliyeacha nafasi wazi, benki au mteja?

Kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, tunapendekeza yafuatayo. *Hundi ghushi* iwe ile ambayo sahihi si ya mwenye akaunti. *Hundi iliyobadilishwa* iwe ile ambayo sahihi ni ya kweli lakini kiasi, tarehe au jina limeguswa. *Hundi isiyo na fedha* iwe ile iliyoandikwa kihalali ambayo akaunti haikuweza kuilipa. Neno *amana* libaki, kwani limekwisha kuzoeleka, ila kila fomu ya kufungulia akaunti ieleze kwa sentensi moja kwamba benki ni mdeni wa mteja, na itaje kikomo cha bima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, kilichobaki ni kuliandika kwa maneno ambayo mwenye mali anaweza kuyasoma.