Toleo, Chapa na Bamba: Kutambua Vitabu vya Kale vya Zumari ya Mfuko

Mwaka 1803, jijini Edinburgh, kilichapwa kitabu ambacho mwandishi wake alikuwa amefariki takriban miaka arobaini nyuma. Joseph MacDonald, mtoto wa mchungaji wa Durness, kaskazini kabisa mwa Uskoti, alisafiri kwenda India mwaka 1760. Akaandika maelezo ya kina kuhusu upigaji wa zumari ya mfuko ya kwao, na akafia huko huko akiwa kijana. Muswada ukarudi nyumbani, na kaka yake Patrick, ambaye naye alikuwa mchungaji, akautoa kitabu kwa jina la A Compleat Theory of the Scots Highland Bagpipe. Kitabu hicho cha 1803 kilijaa makosa ambayo hayamo katika mkono wa Joseph mwenyewe. Mwaka 1994 mtafiti Roderick Cannon aliurudia muswada wenyewe, akaupanga upya na kuusahihisha.

Hapo ndipo neno toleo linapoonyesha kazi yake. Kitabu cha 1803 ni toleo moja, cha 1994 ni toleo jingine, kwa sababu matini yamepangwa upya toka mwanzo. Lakini mchapaji akichukua kazi ile ile iliyokwisha kupangwa na kutoa nakala nyingine mia mbili, hajafanya toleo. Amefanya chapa. Kiswahili kina maneno haya mawili na vitabu vyetu vimeyatumia siku nyingi: fungua ukurasa wa haki za mchapishaji na utakuta “toleo la kwanza” au “chapa ya tatu”. Tatizo ni kwamba wengi huyatumia kama kitu kimoja. Katika riwaya ya shule huenda hilo lisimuumize mtu. Kwa anayekusanya au kuuza vitabu vya muziki wa kale, kuyachanganya kunaweza kumfanya alipie bei ya adimu kwa nakala ya kawaida.

Sababu iko kwenye namna muziki ulivyochapwa. Vitabu vingi vya zumari ya mfuko vya karne ya 19 havikupangwa kwa herufi za risasi zinazovunjwa kazi ikiisha. Vilichongwa. Fundi alikuwa na bamba la madini laini yenye bati nyingi. Alichora mistari mitano, akagonga vichwa vya noti kwa vyuma vyenye maumbo yake, kisha akakata mikia na mistari mingine kwa patasi nyembamba. Wino ulijaa kwenye mifereji, juu pakafutwa, na karatasi yenye unyevu ikashindiliwa juu ya bamba. Kazi ikiisha, bamba halikuvunjwa. Liliwekwa stoo, na miaka kumi au thelathini baadaye lilitolewa likachapa tena. Duka likiuzwa, bamba liliuzwa nalo. Mmiliki mpya alifuta jina la zamani, akachonga lake, akabadili bei, akaendelea.

Kwa hiyo katika vitabu hivi toleo moja linaweza kuwa na chapa nyingi, na kila chapa ikawa na sura yake. Wataalamu wa Kiingereza wana neno “state” kwa bamba jinsi lilivyokuwa siku fulani, kabla au baada ya kusahihishwa. Napendekeza tuseme hali ya bamba. Na pale mwenye bamba anapotoa kazi ile ile chini ya jina jipya la duka au ukurasa mpya wa jina, jambo wanaloliita “issue”, utoaji linatosha. Neno toleo tuliache kwa kazi iliyopangwa upya tu. Tayari limebeba gazeti la leo na jarida la mwezi huu. Tukilirundikia na haya mengine halitatusaidia tena.

Zumari ya mfuko ni mahali pazuri pa kulisoma bamba. Chombo hiki (wasomaji wa Oman na Ghuba wanamjua ndugu yake, habbani) kina noti tisa tu kwenye bomba la vidole, na upepo wa mfuko haukatiki. Mpigaji hawezi kunyamaza kati ya noti mbili zinazofanana. Anazitenganisha kwa noti za pambo, fupi mno, na mwandishi wa muziki huziandika ndogo, mara nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa mistari mitatu myembamba. Ukurasa mmoja wa muziki mkuu wa Wagaeli, piobaireachd, unaweza kuwa na mamia ya alama hizo. Zilichongwa kwa kina kidogo, kwa hiyo huchakaa mapema. Chukua lenzi uitazame mistari ile mitatu. Katika chapa ya awali imesimama mitatu, mieusi, kila mmoja peke yake. Katika chapa ya baadaye mmoja umefifia, mwingine umekatika katikati, na penye noti ya pambo pamebaki kichwa kisicho na mkia. Pitisha pia kidole kando ya ukurasa: bamba lililoshindiliwa huacha ukingo uliodidimia. Ukingo huo usipokuwepo, ama karatasi imepunguzwa na mjalidi, ama unachokishika ni nakala ya njia nyingine, pengine litografia ya baadaye.

Mwaka kwenye ukurasa wa jina usikushibishe, na mara nyingi haupo kabisa. Mkusanyo wa piobaireachd wa Donald MacDonald, mtengenezaji wa zumari wa Edinburgh, una nyimbo 23 na hauna mwaka. Wataalamu huuweka karibu na 1820. Katika hali kama hiyo unatafuta ushahidi wa pembeni. Kuanzia 1794, sheria ya ushuru wa karatasi ya Uingereza iliwasukuma watengenezaji wengi kutia mwaka ndani ya alama ya maji. Inua ukurasa dhidi ya mwanga. Ukisoma 1824, basi nakala hiyo haikuchapwa kabla ya 1824, hata kama kitabu ni cha zamani zaidi. Anwani ya duka nayo husema, kwani Edinburgh ilichapisha orodha za wakazi na maduka kila mwaka. David Glen alitoa mkusanyo wake kwa sehemu 17 kati ya 1876 na 1900. Ukipata sehemu ya tatu ambayo jalada lake linatangaza sehemu ya kumi, jalada hilo ni la baada ya sehemu ya kumi kutoka.

Kuhusu thamani, mtu hununua kwanza ukamilifu. Kitabu cha Angus MacKay cha 1838, chenye nyimbo 61 na maelezo ya historia, kilirudi tena 1839 na 1899, na miaka ya 1970 zikatoka nakala za picha. Zote zina jina lile lile mgongoni. Nakala ya 1838 iliyopungukiwa na ukurasa wa jina au kurasa za maelezo huporomoka bei, kwa kuwa anayeitafuta anataka pia yale yanayouzunguka muziki. Jalada la asili la karatasi, hata likiwa limechanika, lisitupwe ili kuweka ngozi mpya: ndilo lenye bei, anwani na matangazo.

Maandishi ya penseli pembeni ni jambo ambalo wauzaji wengi hulitathmini vibaya. Katika vitabu vingine huitwa uchafu na bei hupunguzwa. Hapa mpigaji aliyefuta noti ya pambo na kuweka nyingine huenda aliandika alivyofundishwa na mwalimu wake kwa mdomo, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani kwenye bamba lolote. Usiufute. Linganisha kwanza nakala yako na bibliografia ya Cannon ya 1980, iliyotenganisha chapa za vitabu hivi kimoja kimoja, kisha na maktaba ya vitabu vya muziki iitwayo Glen Collection (si mkusanyo ule wa David Glen) katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambayo kurasa zake zimewekwa mtandaoni, ndipo umwite mnunuzi.