Watoto wa Harriman na Nguzo za Cape Fox

Tarehe 31 Mei 1899, meli ya mvuke iitwayo George W. Elder iling'oa nanga Seattle kuelekea Alaska ikiwa na ng'ombe wa maziwa. Si maziwa ya mkebe, ni ng'ombe mzima wa kukamuliwa. Kulikuwa pia na kondoo, kuku, batamzinga, farasi, na maksai kumi na mmoja waliokuwa wakisubiri kisu. Mwenye safari alikuwa Edward Harriman, bwanyenye wa reli ya Union Pacific, na daktari wake alikuwa amemwambia apumzike. Mimi na wewe tukiambiwa hivyo tunalala hadi saa nne. Harriman alichukua meli nzima, akaitengeneza upya, akaijaza wanasayansi, wachoraji na wapiga picha, kisha akapanda na mkewe na watoto wao watano. Averell alikuwa na miaka saba. Roland, kitinda mimba, alikuwa na mitatu.

Hao watoto wawili nilikutana nao nikitafuta kitu kingine kabisa. Dada yangu, binti ya mama mdogo, ni nesi karibu na Seattle, na mwaka huu ameamua familia itapanda meli ya kitalii ya Alaska. Akanitumia ujumbe wa sauti: wewe ndio unapenda kusomasoma, nichagulie meli nzuri ya watoto, mmoja ana sita, mwingine miwili. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo ukoo mzima unaamini nina muda. Kusema ukweli, ninao.

Mambo ya watoto yenyewe yalinichukua dakika kumi. Klabu nyingi za watoto melini hupokea kuanzia miaka mitatu, na lazima mtoto awe ameacha nepi, kumaanisha yule wa miaka miwili atakuwa mgongoni kwa mama safari nzima. Kampuni nyingi hazibebi mtoto aliye chini ya miezi sita. Kuna slaidi za maji, kuna bufe, kuna watu waliovaa kama vikaragosi vya Disney, ambao meli yao ilianza kwenda huko 2011. Sawa. Lakini slaidi iko hata Mombasa. Kilichonikalisha wiki mbili ni ramani ya vituo, kwa sababu kila kituo kina jambo lake la zamani, na matangazo yanayapita haraka sana.

Hata swali la kuondokea wapi lina historia. Mwaka 1886, bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza meli ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Faini ilikuwa dola 2 kwa kila abiria. Kufikia 1898 ilikuwa dola 200. Sheria bado ipo, na karibu meli zote kubwa unazoziona kwenye picha zinapeperusha bendera ya kigeni, kama vile ya Bahamas, Panama au Bermuda. Ndiyo maana ukipanda Seattle, meli lazima iguse Kanada kabla ya kukurudisha, na mara nyingi inaigusa Victoria jioni, saa chache tu, wakati mtoto wa miaka miwili ameshalala. Ni kama kupiga muhuri. Kanada ilipofunga bandari zake wakati wa korona, msimu mzima wa meli kubwa ulipotea 2020, hadi Mei 2021 Marekani ilipotunga sheria ya muda kuiruka ile ya babu.

Kwa mzazi hili si jambo la wanasheria pekee. Meli za Seattle kwa kawaida hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, upande wa bahari kuu, na bahari hiyo haina adabu. Zinazoanzia jiji la Vancouver hupita ndani, nyuma ya visiwa, ambako maji yametulia. Kama mtoto wako hutapika kwenye matatu ya Limuru, hapo umepata jibu.

Maji hayo ya ndani ndiyo yaliyozaa utalii wa Alaska. Urusi ilikuwa imeiuzia Marekani eneo lote 1867 kwa dola milioni 7.2, na Watlingit, waliokuwa wakiishi kwenye pwani hiyo, hawakuulizwa. Miaka kumi na sita baadaye, 1883, nahodha James Carroll aliiingiza meli iitwayo Idaho ndani ya Glacier Bay ikiwa na abiria. Mmoja wao alikuwa mwandishi Eliza Scidmore, ambaye kitabu chake cha 1885 kiliwafanya watu wengi watamani kwenda. Walichofuata ni barafuto, ule mto wa barafu unaosogea taratibu hadi baharini kisha unakatika vipande vikubwa kama ghorofa. Sisi tunazo ndogo juu ya Mlima Kenya, na zinaisha tukiziangalia.

Glacier Bay nayo ni mahali pa kuisha na kuanza. George Vancouver alipopita hapo 1794, hakukuwa na ghuba ya kuingia. Palikuwa na ukuta wa barafu na kijipenyo tu. John Muir alipofika 1879, kwa mtumbwi na akiongozwa na Watlingit, barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 48. Kisha Septemba 1899, miezi michache baada ya Harriman kupita, tetemeko la ardhi lilivunja uso wa barafuto ya Muir, na ghuba ikajaa vipande vya barafu kiasi kwamba meli za watalii hazikuweza kuikaribia kwa miaka.

Lakini kabla ya Vancouver na Muir kulikuwa na watu. Watlingit wa Huna husimulia kwamba waliishi hapo, kwenye bonde la kijani lenye samaki, hadi msichana mmoja aliyekuwa amefungiwa ndani, kama desturi ilivyotaka kwa mwali, alipoiita barafuto kama mtu aitavyo mbwa. Ikaja. Masimulizi hutofautiana kuhusu nani aliyebaki nyuma ndani ya nyumba, msichana au bibi mzee, wengine walipopakia mitumbwi wakakimbia. Wanajiolojia wanakubali kwamba barafu ilisonga mbele ghafla miaka ya 1700. Jina la Kitlingit la ghuba hiyo, Sít' Eeti Geeyí, maana yake ni ghuba iliyo mahali pa barafuto. Historia yote imo ndani ya jina.

Barafu ilipoondoka, walianza kurudi kuwinda na kuokota mayai ya shakwe, familia nzima nzima. Serikali ikaja na karatasi: eneo la hifadhi 1925, mbuga ya taifa 1980, na kuokota mayai kukapigwa marufuku. Ilibidi bunge litunge sheria 2014 ndipo mayai yaruhusiwe tena. Mwaka 2016 Wahuna walifungua nyumba yao ya ukoo katika Bartlett Cove, ndani ya mbuga. Meli kubwa, zinazoruhusiwa mbili tu kwa siku, hazishushi abiria hapo. Askari wa mbuga ndio wanaopanda melini kuelezea. Kwa hivyo nilimwambia dada: kama unachukua meli ya Glacier Bay, tafuta inayosimama pia Hoonah, mji waliokimbilia. Bandari yake ya watalii, Icy Strait Point, ilikuwa kiwanda cha samaki wa mikebe cha 1912, na leo inamilikiwa na shirika la Wahuna wenyewe. Hapo watoto watashuka, na pesa za aiskrimu zitabaki kijijini.

Skagway nisingeipigia debe sana, ila kwa reli. Ilijengwa 1898 hadi 1900 kubeba watu wa dhahabu ya Klondike, miaka ileile ambayo yetu ilikuwa inapanda kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Yao ilifungwa 1982, ikafufuliwa 1988 kwa ajili ya watalii, na mtoto wa miaka sita atakaa dirishani bila kuomba simu. Njia ya bahari kutoka Skagway hupita karibu na mwamba wa Vanderbilt. Hapo Oktoba 1918 meli Princess Sophia, iliyojaa familia zilizokuwa zikitoka Yukon kabla ya baridi, ilikwama juu ya jiwe. Boti za uokoaji zilifika, lakini bahari ilichafuka na nahodha akaona ni salama zaidi abiria wabaki ndani. Walikaa hivyo saa 40 hivi. Kisha ikazama na watu wote, zaidi ya 340, watoto wakiwemo. Aliyefika nchi kavu akiwa hai ni mbwa mmoja.

Turudi kwa kina Harriman. Mwishoni mwa Julai 1899, wakielekea nyumbani, Elder ilitia nanga Cape Fox, kusini kabisa mwa Alaska. Kijiji kilikuwa kimya. Watlingit wa Saanya walikuwa wamehamia Saxman miaka michache kabla, na wageni wakaamua kwamba kuhama ni kutupa. Waling'oa nguzo za totemu, zile nguzo ndefu zilizochongwa wanyama na watu wa ukoo, wakaingia nyumba na kutoa walichotaka, wakapakia. Edward Curtis akapiga picha ya kundi. Averell na Roland walirudi Seattle kwenye meli ileile, pamoja na kumbukumbu za mababu wa watu wengine. Averell alikua akawa balozi wa Marekani huko Moscow na gavana wa New York. Nguzo zilikwenda kwenye majumba ya makumbusho.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka huohuo wafanyabiashara wa Seattle walishuka katika kijiji cha Tongass, wakakata nguzo, wakaisimamisha katikati ya mji wao. Iliharibiwa kwa moto 1938. Ile ambayo dada yangu hupiga nayo selfi Pioneer Square ni nakala.

Mtu wa Pwani ameshaelewa. Vigango vya Wamijikenda ni nguzo za ukumbusho wa wazee wa Gohu, na havifai kuondolewa pale viliposimikwa hata kijiji kikihama. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda si muda vikaibwa, na baadaye vikapatikana katika makumbusho mawili ya Marekani. Vilirudi baada ya miaka ishirini hivi. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali kurudisha thelathini. Wezi wetu walijitetea kama Harriman: havikuwa na mtu.

Nguzo za Cape Fox zilirudi 2001, miaka 102 baadaye, kwa meli iliyofuata njia ileile ya Harriman. Wazee wa Saxman walizipokea. Ukishuka Ketchikan, Saxman iko kilomita nne hivi, kuna basi la kawaida, na kuna banda ambamo mtoto anaweza kusimama akaangalia mchongaji akifanya kazi. Baada ya kurudishiwa, watu wa Cape Fox waliipatia makumbusho ya Peabody, kule Harvard, gogo la mwerezi mwekundu. Nathan Jackson, mchongaji wa Kitlingit, akalifanya nguzo mpya yenye dubu. Hiyo walipewa.