KUKU NA ENGOKO: KUUNDA UPYA JINA LA NDEGE KATIKA LUGHA ZA KIBANTU

Katika masoko ya Butembo na Beni, ndege mmoja huuzwa kwa majina mawili: kwa Kinande huitwa engoko, na kwa Kiswahili huitwa kuku. Ni rahisi kudhani kwamba jina moja limezaliwa na jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba majina hayo, yakipimwa kwa kanuni za isimu linganishi, yana habari kuhusu historia ya wafugaji wenyewe.

Njia ya upimaji huo ina asili ya mbali. Mwaka 1786, William Jones alitangaza mjini Kolkata kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini huenda vilitoka katika chimbuko moja. Waliomfuata walilinganisha avis la Kilatini na vi la Kisanskriti, yote mawili yakiwa na maana ya ndege, wakaunda upya umbo la lugha mame ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Umbo la namna hiyo huwekewa kinyota. Kwa upande wa lugha za Kibantu, kazi hiyo ilipewa msingi na Carl Meinhof mwaka 1899, ikaendelezwa na Malcolm Guthrie kati ya 1967 na 1971. Katika uainishaji wa Guthrie, Kinande kina alama ya D42.

Tuanze na konsonanti. Katika Kinande, k inayotanguliwa na nazali ya ngeli ya 9 huwa g. Ndipo -koko ikawa engoko. Kiganda kina enkoko na Kinyarwanda inkoko. Katika Kiswahili nazali hiyo ilidondoka, ikaacha mpumuo ambao bado husikika katika lahaja za Mombasa na Lamu. Kichewa kina nkhuku, na Kishona huku. Mabadiliko hayo yana utaratibu: jina la kanga ni nkhanga kwa Kichewa na hanga kwa Kishona.

Tatizo liko katika irabu. Kwa kawaida o ya Kinande hukutana na o ya Kiswahili, kama engoma na ngoma. Nayo u hukutana na u, kama eritúma na kutuma. Kwa kanuni hiyo, engoko ilipaswa kukutana na koko, wala si kuku. Basi kuku halikutokana na engoko, wala engoko halikuletwa na Kiswahili, ambacho kiliingia Kongo ya mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Eneo la Maziwa Makuu lina -koko. Pwani na kusini-mashariki kuna -kuku. Magharibi, Kikongo kina nsusu. Maumbo yote matatu hurudia silabi moja, na huenda yalianza kama tanakali za mlio wa ndege huyo.

Hata hivyo, irabu peke yake haiwezi kukata shauri. Jina la jumla la ndege nalo lina mvutano huohuo: nyuni la Kiswahili cha kale na nuni la Kikongo, kwa upande mmoja, inyoni la Kinyarwanda na la Kizulu, kwa upande wa pili. Lakini jina hilo limeenea magharibi, mashariki na kusini, na ndege wa porini walikuwapo tangu awali. Kuku ni mgeni. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 unaweka mwanzo wa ufugaji wake Asia ya Kusini-Mashariki, kati ya 1650 na 1250 K.K. Mifupa yake iliyopatikana Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, ni ya kati ya karne ya 9 na ya 6 K.K. Wasemaji wa Mame-Bantu walianza kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Hawakuwa na kuku wa kumpa jina.

Kwa hiyo *-koko na *-kuku yastahili kuhesabiwa kuwa maumbo ya kimaeneo, si urithi wa Mame-Bantu. Anayesoma orodha ya maneno yenye vinyota na kuamua kwamba mababu walifuga kila kilichotajwa humo, anakosea: kinyota hueleza sauti, na tarehe hutafutwa ardhini.

Funzo hili linawahusu hasa wanafunzi wanaokusanya msamiati vijijini. Kinande kina irabu saba, lakini maandishi ya kawaida hutumia herufi tano. Orodha isiyobainisha irabu zote na toni hufuta ushahidi uleule ambao mtafiti ametumwa kuutafuta, na mzee aliyeutamka hatakuwapo daima ili aulizwe tena.