Sataranji Darasani, Bao Barazani

Mwaka 2011 Armenia iliifanya sataranji kuwa somo la lazima katika shule za msingi. Watoto wadogo huko wana kipindi chake, kitabu chake na mwalimu wake. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja utamu wa mchezo: Tigran Petrosian alishika ubingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, na timu ya taifa ikatwaa Olimpiadi ya sataranji mwaka 2006 na 2008. Siku hizi wapo wazazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaowalipia watoto mafunzo ya chesi wakitumaini kwamba watajifunza kutatua matatizo. Tumaini hilo ni jema. Linalonisikitisha ni kwamba mzazi huyohuyo hupita kando ya baraza la wacheza bao bila hata kugeuza shingo.

Tuliangalie bao kwa karibu. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 za komwe. Mtoto ana shimo lenye kete tano. Akizisambaza moja moja, ya mwisho itaangukia shimo la tano. Je, shimo hilo lina kitu? Na lile la mwenzake linalolikabili? Kama yote mawili yana kete, anakula, na alizokula anazisambaza upya kuanzia kichwani mwa safu yake. Ya mwisho ikiangukia penye kete mkono unaendelea, pengine anakula tena. Ikiangukia patupu, analala. Hatua moja yaweza kuvuruga nusu ya ubao. Ugumu wa kwanza basi si adui, bali ni kujua mkono wako mwenyewe utaishia wapi. Si ajabu kwamba Mholanzi Alex de Voogt aliandika kitabu kizima, mwaka 1995, kuhusu upeo wa akili za mafundi wa bao wa Zanzibar.

Sataranji inamsumbua mtoto kwa njia nyingine. Kipande kimoja kinasogea, vingine vyote vimetulia, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Kilichofichika ni nia ya mwenzake. Wanaoanza huijua kwa uchungu ile mati ya hatua nne: malkia na askofu wa upande wa pili wanamlenga askari mmoja aliye karibu na mfalme, asiye na mlinzi ila mfalme huyo. Mtoto anasogeza askari wake wa pembeni, anatabasamu, na mchezo umekwisha. Swali alilopaswa kujiuliza ni fupi: mwenzangu anataka nini? Nakiri sijui mchezo unaolifundisha swali hilo kwa ukali zaidi. Bao lina upole wake, kwa sababu kete zilizoliwa hazitoki mchezoni. Zinahamia upande wa pili, na aliyebaki na chache anaweza kuzirudisha kwa mkono mmoja mrefu. Kwa mtoto mwepesi wa kukata tamaa, mimi ningeanza na bao.

Lakini je, akili hiyo inatoka ubaoni na kufika kwenye daftari la hesabu? Jaribio kubwa lililofanyika katika shule 100 za Uingereza liliwapa watoto wa darasa la tano saa 30 za sataranji. Ripoti yake ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye hawakuwazidi wenzao katika hesabu. Wanaouza mafunzo ya chesi kama dawa ya kila kitu wangeisoma ripoti hiyo. Kwangu mimi haiondoi thamani ya mchezo. Inatuonya tu kwamba kucheza peke yake hakutoshi. Mtoto anapaswa kueleza anachofikiri, na mtu mzima awe na subira ya kumsikiliza.

Hapo ndipo kila upande unapokuwa na cha kumpa mwenzake. Barazani watazamaji hawanyamazi: wanabisha, wanakosoa, wanamwonyesha kijana hatua aliyoikosa. Sataranji nayo ina desturi ya kuandika kila hatua, hivyo kosa la leo linaweza kupangwa tena ubaoni kesho na kuchunguzwa bila haraka. Na kuna jambo ambalo baraza letu limelifanya vibaya kwa muda mrefu: limekuwa la wanaume. Msichana Phiona Mutesi alipoingia katika darasa la sataranji la Robert Katende kule Katwe, Kampala, alipata kiti, akapata uji, na msichana mdogo kuliko yeye akamwelekeza jinsi vipande vinavyokwenda. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi. Wasichana wangapi wa Unguja, Lamu au Tanga wameelekezwa bao namna hiyo?

Mwalimu wa darasa la tatu anaweza kuanza bila kununua chochote. Achimbe mashimo 32 chini ya mwembe, aweke kete mbili kila shimo, kama ilivyo katika bao la kujifunza, na awaketishe wasichana na wavulana pamoja. Kabla mtoto hajagusa kete, aseme ya mwisho italala wapi na kwa nini, kisha aandike. Akikosea, wenzake wahesabu naye upya kuanzia shimo la kwanza. Sataranji ikifika shuleni hapo, ifundishwe vivyo hivyo, kwa daftari na kwa mdomo.