Huduma bila dawa: tiba iliyo mikononi mwa muuguzi

Mtu wetu akilazwa hospitali, swali la kwanza tunalomuuliza anayemuuguza ni, "Ameandikiwa dawa gani?" La pili ni, "Daktari amepita?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: amegeuzwa mara ngapi tangu asubuhi? Amesafishwa kinywa? Usiku yuko na nani? Maswali haya tunayaona madogo. Utafiti wa uuguzi unaonyesha kuwa si madogo hata kidogo. Mgonjwa anaweza kupona maradhi yaliyompeleka hospitali, kisha akarudi nyumbani na kidonda mgongoni ambacho hakuwa nacho alipoingia.

Makala hii inaeleza baadhi ya huduma zisizotumia dawa: ni zipi, ushahidi wake una uzito gani, na zinahitaji nini ili zifanyike. Nimelitazama suala hili nikiwa na macho yangu Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Kwa nini Thika na Ruiru

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, unapita karibu na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, kisha unaingia Ruiru penye hospitali ya kaunti ndogo. Ukiendelea mbele unafika Juja, kiliko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho nacho hufundisha uuguzi. Ukifika Thika unakuta Hospitali ya Thika Level 5, tawi la chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC, na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Ni mwendo usiozidi saa moja barabara ikiwa nyeupe, na wauguzi wengi wa nchi hii wamepitia hapo, wakiwemo vijana wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu.

Mwanafunzi anayesomea shahada ya uuguzi hutakiwa kwa kawaida kufanya utafiti mdogo kabla ya kuhitimu. Kwa hiyo kila mwaka maswali kadha wa kadha huulizwa kuhusu wodi na wagonjwa. Na wagonjwa si haba. Katika sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, zaidi ya Eldoret na zaidi ya Kisumu. Thika ilikuwa na watu 251,407. Miji imefura haraka, na wodi hazikufura kwa mwendo huo.

Jambo lenyewe ni la zamani

Kuuguza kwa mikono kulitangulia vidonge na sindano. Historia ya Kiislamu inamtaja Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke wa Madina aliyewauguza majeruhi katika hema lililopigwa msikitini, na miongoni mwao alikuwa Sa'd bin Mu'adh aliyejeruhiwa katika vita vya Khandaq. Huko Ulaya, Florence Nightingale alipotoka kuwahudumia askari wa vita vya Crimea aliandika juu ya hewa safi, usafi, utulivu na chakula cha mgonjwa. Pia alihesabu vifo na kuchora hesabu hizo ili wakubwa wa serikali wazione kwa macho. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wanatakwimu cha London. Hapo ndipo huruma ilipokutana na hesabu, na hiyo ndiyo maana ya utafiti wa uuguzi: unalifanya jambo jema, kisha unapima kama kweli limesaidia.

Kumgeuza mgonjwa

Mtu asiyeweza kujigeuza hulalia mahali pamoja. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na isipopata damu hufa. Kidonda huanza kama wekundu au weusi mdogo kwenye kisigino, nyonga au mwisho wa uti wa mgongo, kisha huchimba ndani.

Kawaida ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 ilipata nguvu kutokana na kazi ya muuguzi Mwingereza, Doreen Norton, aliyechapisha na wenzake mwaka 1962 utafiti juu ya wazee waliolazwa. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, walitoa kipimo cha kumtambua mapema mgonjwa aliye hatarini, kwa kuangalia mambo kama mwendo wake, unyevu wa ngozi na lishe yake. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji muuguzi amwangalie mgonjwa na kujaza karatasi.

Baadaye, mwaka 2013, Bergstrom na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wazee 942 katika nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada. Waligawanywa: wengine wageuzwe kila saa 2, wengine kila saa 3, wengine kila saa 4. Haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Je, tuseme basi saa 4 zinatosha? Subiri kwanza. Wote walilala juu ya magodoro mazito ya sponji maalumu. Godoro lililobonyea katikati mpaka mgonjwa anazigusa mbao au chuma si godoro hilo. Kwa hiyo jibu la Marekani halitufai moja kwa moja. Swali la mgonjwa wa Ruiru au wa Makadara, juu ya kitanda alicholalia, lazima liulizwe hapa hapa kwetu.

Kumeza kabla ya kulishwa

Kiharusi tunakijua sana Pwani. Mgonjwa akiletwa, jamaa huja na uji kwa mapenzi, maana hajala tangu jana. Lakini kiharusi kinaweza kulegeza koo, na uji ukaenda mapafuni badala ya tumboni. Hapo huzuka nimonia.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia ulioongozwa na muuguzi Sandy Middleton, katika vitengo 19 vya kiharusi. Wauguzi wa upande mmoja walifuata utaratibu wa mambo matatu: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla mgonjwa hajapewa chochote kinywani. Baada ya siku 90, waliokuwa wamekufa au wanategemea watu wengine walikuwa asilimia 42 upande huo, na asilimia 58 upande wa huduma ya kawaida. Homa na sukari hutaka dawa pia, lakini lililoleta tofauti ni muuguzi kufuata utaratibu bila kuruka hatua.

Mtoto kifuani mwa mama

Ushahidi mzito kuliko wote huenda ni huu. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za joto zilikuwa chache. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu. Kwetu leso inatosha kumfunga mtoto.

Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa mtoto asubiri kwanza mpaka atulie, ndipo apelekwe kifuani. Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio katika nchi 5: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Waliingizwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilianza kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kundi la pili lilisubiri. Matokeo yalichapishwa 2021: katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12.0 ya kundi la kwanza, na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Kifo kimoja katika kila vinne kilizuilika. Mwaka 2022 shirika hilo likabadilisha ushauri wake, likataka mtoto aanzwe mapema.

Watoto hawa waliendelea kupata oksijeni na dawa walipohitaji. Kifua cha mama kiliongezwa juu ya tiba, hakikuondoa tiba. Pia ilibidi mama awekewe kitanda ndani ya chumba cha watoto. Huko ndiko kwenye kazi, kwa sababu katika hospitali nyingi mama hulazwa wodi yake na mtoto huwekwa kwake, na mama huitwa tu wakati wa kunyonyesha.

Mwenza wakati wa uchungu

Bibi zetu hawakumwacha mzazi peke yake, na mkunga alikuwa na wasaidizi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2017, yakikusanya majaribio kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, yaligundua kuwa mwanamke anayekaa na mtu wa kumliwaza mfululizo huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, kupasuliwa kidogo zaidi, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke awe na mwenza amtakaye. Kizuizi mara nyingi ni chumba: vitanda vimesongamana bila pazia, na mwenza wa mmoja huwa anawaona wengine. Pazia si dawa, lakini bila pazia huduma hii haifanyiki kwa stara.

Palipo na ushahidi mwepesi

Si kila kitu kimethibitika kwa uzito huo. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2013, yalikusanya majaribio 26 juu ya kusikiliza muziki kabla ya upasuaji, yakakuta hofu ya wagonjwa hupungua. Lakini waandishi wenyewe walitahadharisha kuwa majaribio mengi yalikuwa na udhaifu, maana mgonjwa anajua kama anasikia muziki au hasikii. Kukanda mgongo na mazoezi ya kupumua pia yamo katika daraja hili: hayana madhara makubwa, huenda yakasaidia, bado yanahitaji kupimwa vizuri. Hapa ndipo mwanafunzi wa Thika anaweza kuchangia, akiwa na swali dogo lililo wazi na hesabu ya kweli.

Gharama yake ni watu

Tukisikia "bila dawa" hudhani ni bure. Kumgeuza mtu mzima wa kilo 80 kunataka watu wawili, kila mara, usiku na mchana. Watafiti waliokaa ndani ya vyumba vya watoto wachanga katika hospitali 6 za Nairobi, wakiandika kila lililofanyika na lisilofanyika, walikuta sehemu kubwa ya huduma inayotakiwa haifanyiki. Kadiri watoto walivyokuwa wengi kwa muuguzi mmoja, ndivyo huduma ilivyopungua, na kazi kama kulisha iliwaangukia akina mama. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi 5, ulituonyesha sote kwamba madawa yakiwa rafuni na muuguzi hayupo, wodi imefungwa.

Kwa maoni yangu, kaunti zetu, ya Kiambu na za Pwani, zinapotangaza majengo mapya na mashine mpya zinapaswa kuulizwa pia: kwa kila wagonjwa wangapi kutakuwa na muuguzi mmoja usiku? Jengo halimgeuzi mgonjwa.

Mgonjwa wako akilazwa

Haya ndiyo jamaa anaweza kufanya bila kuvuruga tiba:

- Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Kwa watu tunaokwenda kuzuru wagonjwa makundi kwa makundi, hili ni la kwanza.
- Muulize muuguzi kama mgonjwa yuko katika hatari ya vidonda, na umwombe akufundishe kumgeuza. Usimgeuze mwenyewe aliyevunjika shingo, mgongo au nyonga.
- Mwenye kiharusi usimpe hata maji kabla muuguzi hajapima kumeza kwake.
- Mtoto akizaliwa mdogo, uliza mapema kama mama anaweza kumweka kifuani, na nani atampokea mama akichoka. Baba na bibi wanaweza pia.
- Uliza kama mwenza anaruhusiwa chumba cha uzazi, kabla ya siku yenyewe kufika.
- Ukiombwa kuingia katika utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukubali au kukataa, na kuendelea kutibiwa vilevile ukikataa. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa 2013 unakutambulia haki ya kufahamishwa na kutoa ridhaa.

Wala usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya makala hii. Huduma hizi hukaa pembeni mwa dawa, na mara nyingi ndizo zinazoipa dawa nafasi ya kufanya kazi.

Na wewe kijana wetu unayesoma Thika au Juja, ukirudi likizo ukaulizwa mada ya utafiti wako ni nini, usione haya kusema ni godoro, ni kugeuza, ni leso kifuani. Hayo ndiyo maswali ambayo mgonjwa wa Makadara, wa Kilifi na wa Ruiru anasubiri majibu yake. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza.