Bayi Alipokimbia, Hatukumwona

Tarehe 2 Februari 1974 kijana wa Kitanzania, Filbert Bayi, aliingia uwanjani Christchurch, New Zealand, kukimbia mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakumngoja mtu. Bastola ilipolia akatoka mbele, akakaa mbele, na John Walker, mwenyeji, akamfukuza mpaka kwenye utepe bila kumpata. Dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia! Ile ya zamani, ya Mmarekani Jim Ryun, ilikuwa imedumu tangu 1967, na hata Walker aliyeshindwa aliivunja siku hiyo hiyo.

Wenyeji wale walikuwa wameanza televisheni ya rangi mwaka 1973, wakiharakisha ili michezo iwakute tayari. Kwa hiyo mtu wa kule alimwona Bayi kwa rangi zake, yeye amekaa sebuleni. Na sisi wenye Bayi wetu? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Mtu wa Mchinga, kama alikuwa na redio ya mbao na betri hazijaisha nguvu, alisikia. Basi.

Historia ya televisheni na michezo huandikwa kwa tarehe za wavumbuzi. Kombe la Dunia la Uswisi 1954, la kwanza kurushwa. Olimpiki ya Tokyo 1964, picha zikivuka Pasifiki kwenda Marekani kwa setilaiti ya Syncom 3. Mexico 1970, Kombe la kwanza kwa rangi. Zote za kweli, lakini ukizisoma ukiwa umekaa chini ya mnazi huku pwani ya Lindi unaona kabisa kwamba si zako. Kalenda yetu ilifuata mambo mengine: umeme, barabara, na uamuzi wa wakubwa.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huu. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi moja kwa moja. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa kwa nchi ambayo bado inajenga shule na zahanati. Mimi simlaumu Mwalimu; ningeulizwa, nami ningesema zahanati kwanza. Ila bei ya uamuzi ule ilikuwepo, na bei hiyo ni kwamba miaka ambayo Watanzania walitisha duniani ndiyo miaka ambayo sisi wenyewe hatukuwaona. Moscow 1980 Bayi alipata medali ya fedha kwenye kuruka viunzi na maji mita 3,000, Suleiman Nyambui akapata ya fedha kwenye mita 5,000. Mwaka huo huo Taifa Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos, baada ya lile bao la Peter Tino dhidi ya Zambia pale Ndola. Walioko Dar es Salaam wenye antena ndefu waliweza kuinasa Zanzibar, maana mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka na bahari haina mlima. Lakini dunia ni duara, na Lindi iko mbali mno. Mawimbi yalipita juu ya vichwa vyetu yakaenda zake.

Kilichobaki ni Redio Tanzania. Hapa nawaomba waandishi wenzangu tusimame kidogo. Mtangazaji wa mpira alikuwa hana picha ya kumsaidia. Ilimbidi aseme mpira uko upande gani, nani anao, nani anamkaba, jua liko wapi, na aseme kabla mpira haujahama. Waliokua wakiwasikiliza akina Charles Hilary na Ahmed Jongo wanaweza mpaka leo kukusimulia bao ambalo hawajawahi kuliona, na mkono wakakuonyesha lilipopita. Wazee wa hapa wananiambia uwanja wa Lagos waliujua vizuri. Waliujua kwa sikio!

Mwaka 1994 Bara ikafunguka: ITV, DTV, CTN. Kusini bado tukawa nje ya mawimbi, mpaka madishi yalipoanza kuja. Setilaiti ya televisheni hukaa juu ya ikweta, kama kilometa 36,000 kutoka ardhini, ikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo dishi ukishalielekeza huna haja ya kulisogeza tena. Nayo haiulizi habari za barabara. Picha ilivuka mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati magari yalikuwa bado yanangoja kivuko.

Ndipo kikazaliwa kibanda umiza: makuti, mabenchi, jenereta inayokohoa, jasho. Tukaona kila kitu, Manchester, Arsenal, Barcelona, isipokuwa sisi. Maana Taifa Stars hawakurudi kwenye fainali za Afrika mpaka 2019, kule Misri, miaka 39 baada ya Lagos. Wakafungwa mechi zote tatu. Walau safari hii tuliona walivyofungwa.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, vikaja ving'amuzi, mwaka uliofuata Azam TV. Picha ni safi, hilo sibishi. Lakini picha ya dijitali hubanwa kwanza, ikapandishwa angani, ikashushwa, kisha king'amuzi kikaifungua, hata kama mechi inachezwa Dar. Kote huko sekunde zinapotea. Kwa hiyo siku Taifa Stars wanacheza, utamkuta mzee mmoja amekaa nyuma kabisa ya kibanda, redio ndogo sikioni, hatazami kioo. Anaruka, "Goli!" Vijana mbele wanageuka kumzomea, maana kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja.